Dada Vijidudu Aiaga Hadubini

Tarehe thelathini na moja ya mwezi huu wa Machi, saa ya kufunga ofisi, Dada Lutfunnahar Siddika, Mtafiti Mkuu wa viumbe vya majini katika Kituo cha Mto Kajolia, ataifunika hadubini yake kwa kile kitambaa cha kijani, kama alivyofanya jioni zote kwa miaka thelathini na mitatu. Tofauti ni kwamba kesho yake hatarudi kuifunua. Bwana Ekramul, Mkurugenzi wetu, ameniomba mimi niandike wasifu huu kwa sababu, anasema, hakuna mtu humu aliyebishana na Dada Lutfa muda mrefu kuliko mimi. Sababu hiyo naikubali. Jina langu ni Moinul Bari, wa chumba cha kemia, mlango unaotazamana na wake.

Dada Lutfa alizaliwa Netrokona, mtoto wa nne wa mwalimu wa hesabu. Inasemekana alipokuwa mdogo alichota maji ya bwawa la nyumbani kwenye glasi, akayaweka dirishani, na kila asubuhi akamuuliza mama yake kwa nini yanazidi kuwa ya kijani. Mama yake, aliyekuwa na watoto wengine na sufuria jikoni, alimwambia akawaulize samaki. Nadhani ndipo kazi yake ilipoanzia. Alisomea Mymensingh, akaajiriwa hapa wakati kituo kilipokuwa vyumba viwili vya mabati, na nyati wa jirani akilala barazani kwetu kama mlinzi asiyelipwa.

Kwa ndugu na wageni waliokuja leo bila kujua sisi hufanya nini, nitaeleza kwa ufupi. Katika kila glasi ya maji ya mto kuna watu wanaishi. Wako vijimea vya kijani, wako wenye magamba ya kioo, wako vijidudu vinavyozungusha nywele mdomoni kama mashine ya kusaga. Kwa pamoja huitwa planktoni, yaani wale wasio na nguvu ya kushindana na mkondo, wakapelekwa unakokwenda. Dada Lutfa huwakamata kwa wavu mwembamba, huwatia aidini kidogo wasioze, kisha huwahesabu mmoja mmoja. Maji yakiwa na afya, jamii huwa ya kila kabila. Maji yakiumwa, makabila hupungua, na wachache wapendao uchafu huzaana kupita kiasi. Wanakijiji wa mto huu hawajui cheo chake wala shahada zake. Wao humwita Dada Vijidudu, na akiitwa hivyo sokoni huitika.

Ubishi wetu ulianzia hapo. Mimi hupima maji kwa dawa na mirija, na kwa miaka mingi niliamini hiyo inatosha. Kuna mwaka chumba changu kiliandika, wiki baada ya wiki, kwamba maji ya chini ya soko la Bhatirhat ni mazuri. Yeye akawa anaandika kwamba si mazuri hata kidogo, maana vijimea vyenye magamba ya kioo vilikuwa vimetoweka. Nikamwambia vijidudu havina cheti.

"Cheti hawana," akasema, kasimama mlangoni kwangu na kikombe cha chai, "lakini Ijumaa hawaendi mapumziko. Wewe unayaona maji Jumatatu tu, Moinul. Wao wako mle wiki nzima."

Ijumaa ofisi hufungwa. Tukamtuma Mjomba Haripada, nahodha wa mashua yetu, akavue samaki siku hiyo karibu na kiwanda cha kutia nguo rangi kilichokuwa upande wa juu. Hakurudi na samaki. Alirudi na chupa ya maji ya zambarau na malalamiko kuhusu nyavu zake. Kiwanda kile kilijua ratiba yetu kuliko sisi wenyewe. Chupa ninayo mpaka leo rafuni, na kila tukibishana Dada Lutfa huitazama bila kusema neno, jambo linaloudhi kuliko kusema.

Wapo pia wanaokumbuka wiki ile ofisi nzima ilipoacha kunywa chai. Alikuwa ametia tone la maji ya chujio letu la jikoni chini ya hadubini na, kwa ukarimu wake, akatuita sote tuje tuone. Mhasibu aliyaona yaliyokuwa yakiogelea, akaweka kikombe chini polepole, akaenda kukaa uani. Chujio jipya lilinunuliwa kabla ya Alhamisi. Tokea hapo, ombi lolote la vifaa lililokwama, Dada Lutfa alikuwa akilisukuma kwa kumwalika mhasibu aje kuchungulia.

Lakini ukimuuliza mwenyewe kazi gani haisahau, atasema Noluapara, halafu atacheka. Na mimi nilikuwepo, kwa hiyo nitaisimulia.

Noluapara iko ukingoni mwa mto. Visima vyao vya bomba vilipimwa, vikakutwa na sumu ya arseniki, vikapakwa rangi nyekundu, wanawake wakarudi mtoni na mitungi yao. Na mto, kila mwaka kabla ya mvua na tena baada yake, uliwaletea kipindupindu. Kimelea cha ugonjwa huo ni kidogo mno, hakuna nguo ya kukizuia, ila kina tabia ya kusafiri kwa kumng'ang'ania kijidudu mmoja mkubwa zaidi, mwenye jicho moja katikati ya kichwa. Wanawake wa Noluapara walipomwona kwenye hadubini walimwita Chongo, na kwetu jina limebaki hilo. Chongo anazuilika. Sari ya pamba ikikunjwa mpaka iwe tabaka nane na kufunikwa juu ya mdomo wa mtungi, anabaki juu ya kitambaa, na abiria wake anabaki naye. Kuchemsha ni bora zaidi, na Dada Lutfa hakuacha kulisema hilo. Lakini kuni za Noluapara hazitoshi hata kuivisha wali, sembuse maji.

Aliyewakusanya wanawake alikuwa Bibi Jobeda Khatun, mjane mwenye ulimi wa pilipili. Alikuwa amemzika binti yake kwa ugonjwa huohuo, akabaki na mjukuu wa miaka miwili, Shiuli. Siku ya kwanza alimwambia Dada Lutfa mbele yetu sote, mtoto kambeba kiunoni:

"Mwanangu, mimi sijali hao wadudu wako wana macho mangapi. Niambie tu kama huyu atakunywa maji leo na kesho ataamka."

Dada Lutfa hakuahidi. "Nipe misimu miwili, Mama," alisema.

Basi tukawa tunakwenda kukagua kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumanne, tukiwa tumetoa taarifa mapema kama ilivyo adabu. Tulipokelewa kwa bisi za mchele na sukari guru, tukachota kwenye mitungi, tukarudi. Na kila tukirudi, hadubini ilisema neno lilelile: Chongo tele. Ni kana kwamba maji hayakupita kwenye kitambaa chochote. Ajabu ni kwamba mganga wa zahanati ya huko alituambia watoto wanaoharisha wamepungua, tena si kidogo. Mambo mawili yakakataa kupatana. Mimi nikasema kahesabu vibaya. Mjomba Haripada akasema labda Chongo wanaruka kutoka nje. Dada Lutfa hakukasirika wala hakucheka. Alikaa nalo swali hilo miezi, akila nalo chakula cha mchana na kuamka nalo asubuhi, na akikutana nawe ukumbini alikuwa akikuuliza kana kwamba mlikuwa katikati ya mazungumzo: "Sasa wanapitia wapi?"

Makao makuu Dhaka hawakuwa na subira hiyo. Walisema mkubwa mmoja atakuja baada ya Idi kutazama mwenyewe, na mitungi ikiwa bado imejaa Chongo, mpango utafungwa, na wanakijiji wataambiwa sari haifai, wasubiri kisima kirefu. Kisima hicho kilikuwa kimeahidiwa tangu kabla ya Shiuli kuzaliwa.

"Wataacha kuchuja, Moinul," aliniambia jioni ile, na ndiyo mara pekee niliyomwona anaogopa. "Wakiambiwa na serikali kwamba haifai, nani atajisumbua kukunja sari? Watakunywa hivyohivyo. Na mtoto wa Jobeda atakunywa pia."

Sasa, Dada Lutfa ana tabia moja ambayo nataka iandikwe mahali fulani: husahau mwavuli. Miavuli yake imesambaa kwenye vijiji vyote vya mto huu. Jumanne ya mwisho kabla ya ugeni ule, tulikuwa tumeshaondoka Noluapara, mbingu ikaanza kuwa nyeusi, akapapasa pembeni yake, akasema, "Mjomba, geuza."

"Mwavuli tena?" akauliza Mjomba Haripada. "Dada yangu, si uwaachie tu? Kijiji kizima wameshazoea kujikinga kwa miavuli yako."

Akageuza, kwa manung'uniko. Tuliingia uani kwa Bibi Jobeda bila hodi ya maana. Tulipoondoka, mtungi wake ulikuwa umefunikwa kwa sari nyekundu yenye uzi wa dhahabu. Sasa sari hiyo ilikuwa imeshakunjwa, nusu iko sandukuni, na juu ya mtungi kilitandazwa kitambaa kilichofuliwa mara nyingi mpaka rangi yake haina jina. Bibi Jobeda alisimama kati ya sanduku na mtungi kama mwizi aliyekutwa na kuku.

"Mama," akasema Dada Lutfa, "ile nyekundu imekwenda wapi?"

"Imekwenda kulala. Ile ni ya Idi."

"Na hii?"

"Hii si ya macho yako."

Majirani walikuwa wameanza kujaa mlangoni. Bibi Jobeda alipoona hana pa kujificha, akaamua kushambulia. "Sasa ulitaka nifanyeje? Mgeni anakuja na viatu vya ngozi na chupa za kioo, mimi nimtolee tambara? Nimelelewa, mimi. Nina mama aliyenifunza."

"Kila nyumba mnafanya hivi? Siku tukija tu?"

"Kila nyumba. Asiyekuwa na mpya anaazima."

"Hiyo nyekundu yako," akasema mwanamke mmoja mlangoni, "walipokuja mara iliyopita si ilikuwa kwangu, Jobeda?"

Watu walicheka, mimi nikiwamo. Dada Lutfa aliketi chini palepale uani, akaomba apewe lile tambara alishike. Akalinyoosha kuelekea mwanga, akalisogeza jichoni, akalia na kucheka kwa pamoja, kisha akaomba kipande cha pembeni. Alipewa. Mwavuli aliusahau tena.

Kituoni alikiweka chini ya hadubini, na kando yake uzi wa sari mpya, akaniita. Niliketi kwenye kiti chake bila kubishana. Nyuzi za sari mpya zilikuwa laini, zimenyooka, na kati yake matundu ya wazi. Chongo angepita na ndugu zake wote. Nyuzi za tambara zilikuwa zimefumuka kwa kufuliwa na kupigwa mawe ya mtoni miaka na miaka, zimeota manyoya, na manyoya yameziba matundu yote. Tulikuwa tumewafundisha kukunja, hatukuwaambia wakunje nini, kwa kuwa sisi wenyewe hatukujua kwamba uchakavu ndio dawa. Nao, siku zote ambazo hatukuwapo, walikuwa wakichuja kwa tambara na watoto wao wakipona. Siri ya mtungi aijuaye kata, na sisi tulikuwa tukija na chupa.

Ungedhani mambo yameisha. Hayakuisha. Mkubwa wa Dhaka alikuwa bado anakuja, na Bibi Jobeda alimwambia Dada Lutfa wazi: "Wewe umeshaona, yamepita. Lakini kwa yule mkubwa, sitoi. Hata nikitaka mimi, wenzangu hawatataka. Kunyimwa maji ni shida, mwanangu. Kudharauliwa ni shida nyingine." Tukabembeleza, tukaeleza habari za nyuzi na manyoya. Walitusikiliza kwa heshima zote, na tulijua kabisa kwamba masanduku yatafunguliwa siku hiyo na nyekundu zote zitatoka.

Siku yenyewe tulikutana gatini. Mkubwa alikuja na tai. Mkurugenzi wa wakati ule alikuja na tai. Mimi, nakiri, nilikuja na tai. Dada Lutfa alikuja amevaa sari ya nyumbani ya marehemu mama yake, imepauka, imetiwa viraka viwili kwenye pindo, na bega limeanza kuachia. Mkubwa alimtazama, akamsogelea, akamuuliza kwa sauti ya chini kama kapatwa na jambo njiani.

"Hapana, bwana," akajibu. "Leo nimevaa kifaa cha kazi."

Hakwenda moja kwa moja kwa Bibi Jobeda. Alitembea kijiji kizima kutoka mwanzo hadi mwisho, taratibu, na mkubwa nyuma yake, wanawake wakimtazama kutoka milangoni. Alipofika, Bibi Jobeda alikuwa amesimama karibu na mtungi uliofunikwa ile nyekundu. Akamkagua kuanzia bega mpaka pindo.

"Mwanangu, kwenu hakuna sindano?"

"Ipo, Mama. Lakini hii ndiyo nzuri kuliko zote nilizonazo. Nimekuletea uione."

Shiuli alikuwa amekaa chini anacheza na mfuniko wa sufuria, na kelele hiyo ndiyo tuliyoisikia. Bibi Jobeda alimtazama mtoto, akaitazama tena ile sari yenye viraka, akang'oa nyekundu juu ya mtungi kwa mkono mmoja na kuirusha kitandani. Akaingia ndani, akatoka na tambara lake, akalikunja mbele ya tai zote tatu, tabaka nane, bila haraka.

"Haya," akasema. "Kama serikali yenyewe imekuja na viraka, mimi ni nani?"

Tulisikia masanduku yakifungwa njia nzima. Dada Lutfa alisimamisha hadubini barazani, akahesabu palepale, maji yaliyochujwa upya kwa matambara, nyumba moja baada ya nyingine, na mkubwa akachungulia akatafuta Chongo mpaka jicho likamtoka machozi. Mpango haukufungwa. Ulipelekwa juu na chini ya mto, kijiji kwa kijiji, na sharti la kwanza likaandikwa kwa maneno ya Dada Lutfa mwenyewe: sari iwe chakavu. Misimu yake miwili iliisha na Shiuli akaingia wa tatu akikimbia.

Mengine mnayajua. Amewafunza wanafunzi ambao sasa ni wakubwa wa vituo vya mito mingine, na wote wana ugonjwa mmoja, wa kuinama kwenye kila dimbwi njiani. Amegundua kwamba kupungua kwa vijimea vya kioo hutupa onyo kabla pua ya mtu haijanusa kitu, na kwa hilo tumeokoa mabwawa ya samaki mara mbili. Amekataa uhamisho wa Dhaka, akisema huko mto wenyewe atauonea dirishani tu. Na kisima kirefu kilifika Noluapara mwishowe, Shiuli akiwa tayari ameolewa. Maji yake ni mazuri. Nimeyapima mwenyewe, na yeye akayapima baada yangu, kuhakikisha.

Mimi nitamkosa. Niseme hivyohivyo bila kuzunguka. Nimezoea kufungua mlango wangu asubuhi na kuuona wa kwake umeshafunguliwa, na mtu ndani anayetaka kunikosoa. Kemia ni kazi ya kimya sana bila jirani wa namna hiyo.

Dada Lutfa, sasa nakugeukia wewe, maana najua unausoma ukurasa huu badala ya kusikiliza hotuba. Kituo kimekupa sari ya hariri ya Rajshahi, na umeshaipokea, na umeshasema hukustahili. Sawa. Lakini chini ya kiti chako kuna furushi jingine. Lililetwa wiki iliyopita na Shiuli, ambaye sasa ni mama mwenye kelele kumshinda bibi yake. Bibi Jobeda mwenyewe magoti hayamruhusu tena kupanda mashua. Tangu kisima kifike, wanawake wa Noluapara hawakuwa na haja tena ya vile vitambaa vya mitungini. Wamevikusanya nyumba kwa nyumba, wakavipanga tabaka juu ya tabaka, wakavishona pamoja viwe kantha ya kujifunika wakati wa baridi. Pale ambapo wengine hutarizi mayungiyungi, wao wametarizi Chongo, makumi kwa makumi, na jicho la kila mmoja limeshonwa kwa uzi mwekundu uliochomolewa kwenye sari ya Idi. Pembeni kuna mwavuli.

Kituo kizima kinakushukuru. Tunakuombea majira ya baridi yenye joto, mabwawa ya kijani dirishani, na maswali yasiyoisha. Inama sasa ulifungue. Bibi Jobeda ametuma salamu, na amesema tukufikishie maneno yake bila kuyapamba:

"Mwambieni hizi ndizo tulizokuwa tukimficha."